Cherehani Iliyobaki Marani

Moraa mwanangu,

Asubuhi uliponiambia unakwenda Marani kumuaga dada yako Kerubo, nilikuitikia vizuri, nikakupa ndizi za kuwapelekea watoto, kisha nikarudi jikoni nikaanza kugombana na masufuria. Najua uliniona. Umenitazama hivyo tangu siku ulipopata nafasi ya kwenda Nairobi kusomea uafisa wa probesheni. Kanisa zima lilikuombea, mjomba wako akachinja jogoo, na mimi mama yako mzazi nikakaa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Juzi ulimuuliza shangazi yako kama naogopa Nairobi. Siogopi Nairobi. Nina hasira, na kwa kuwa hasira yenyewe si yako, ni haki uijue ilikotoka kabla hujapanda basi kesho.

Mambo ya blanketi, sabuni na watu wa kuepuka njiani nimemwachia mjomba wako. Anapenda kutoa maagizo na atakupa mpaka uchoke. Mimi nina hili moja, na mvua hii imenifungia ndani mchana kutwa, basi ngoja niliandike lote kabla hujarudi.

Utashangaa nakuandikia kwa Kiswahili, maana mimi na wewe hatukisemi ila sokoni mbele ya wateja. Lakini mambo haya yalinipata kwa Kiswahili. Polisi waliniuliza kwa Kiswahili, hakimu aliamua kwa Kiingereza na mkalimani akanigeuzia kwa Kiswahili, na siku niliyofukuzwa dirishani nilifukuzwa kwa Kiswahili. Nikijaribu kuyasema kwa Ekegusii yanakuwa laini, kana kwamba nasimulia yaliyompata jirani. Sitaki yawe laini.

Unajua nilikuwa na cherehani zamani. Unajua pia iliibiwa, maana hilo sikuweza kukuficha; ulikuwa mdogo lakini uliniona nikilia. Usichojua ni nani aliyeiiba, na iko wapi hivi sasa.

Cherehani ile baba yako aliinunua kwa pesa za pareto, miaka ya mwanzo ya uhuru, pareto ilipokuwa bado inalipa mtu hadi anacheka. Ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu. Kanyagio lilipokatika hakwenda kwa fundi, alilifunga mwenyewe kwa kipande cha mnyororo wa baiskeli, na tangu siku hiyo ikawa inalia kata-kata-kata mpaka ng'ambo ya barabara, na kila nilipokunja kona ya pindo iliruka mshono mmoja. Nilimlaumu sana kwa kazi yake hiyo. Alipofariki, nilikuwa nikikaa nayo pale kwenye veranda ya duka moja Daraja Mbili nikisikia ule mlio, na nilikuwa radhi iruke mishono yote. Ilitulisha. Kerubo aliolewa kwa heshima kwa sababu ya cherehani ile, na watu wa Marani walipoleta ng'ombe wa mahari walinikuta mjane asiyemwomba mtu chumvi.

Kila Ijumaa kabla ya jua kuzama niliifungia kwenye stoo ya nyuma ya duka, nikaenda nyumbani kuandaa Sabato. Soko zima lilijua. Msabato hatakwenda kukagua mali yake siku ya Sabato, na aliyeiba alijua hivyo vizuri. Nilipata habari nikiwa kanisani, kati ya somo na mahubiri. Nikakaa. Nikaimba na wengine, nikangoja jua lizame, na kesho yake nikaenda kituoni. Askari akaniuliza kwa nini nimeibiwa juzi na ninaripoti leo. Nikamwambia jana ilikuwa Sabato. Akaandika hivyo hivyo, na baadaye kortini maneno hayo yakasomwa kwa sauti na watu wakacheka. Mpaka leo nakumbuka kicheko kile kuliko hukumu yenyewe.

Mwizi hakuchukua muda kujulikana, kwa sababu mlinzi wa soko alimwona akisukuma mkokoteni alfajiri. Ni Mokua. Ndiyo, Mokua huyo huyo, ndugu mdogo wa Ogeto mume wa dada yako, huyo anayekukatia miwa kila ukienda kule na kukuita mwalimu. Tulikubaliana mimi na Kerubo kwamba usiambiwe, ili uende kwa dada yako ucheze na watoto bila kumtazama mtu vibaya. Pengine hivi ninavyoandika umekaa mlangoni kwake unakunywa chai na mlio wa kata-kata unatoka nyumba ya pili, nawe unadhani ni cherehani tu.

Sasa hasira yangu. Nitaanza na ile ninayojielekezea mwenyewe, ili usidhani nakuletea mashtaka ya watu wengine tu.

Mokua alipokamatwa, baba yake alikuja hapa na wazee. Walikaa nje chini ya paa la ghala, wakasema mtoto amekosa, niondoe kesi, watalipa mtamba na cherehani itatafutwa. Ndivyo mambo ya namna hiyo yalivyomalizwa tangu zamani: mwenye kosa analipa, aliyekosewa anapokea, watu wanakula pamoja, mambo yanakwisha. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, niliamini muhuri wa serikali, tena ilikuwa serikali yetu, mpya. Nikawaambia nataka korti. Baba yake Mokua, mkwe wangu, akasimama akasema, "Haya, mama Kerubo. Korti itakupa cherehani." Na mimi nikaitika, nikidhani amekubali kwamba nina haki.

Korti ilinipa haki, hilo sikatai. Mokua akafungwa, na juu ya kifungo hakimu akaamuru arudishe cherehani au mfano wake. Mkalimani akaniinamia akaniambia, umeshinda, mama. Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi. Watu wa kesi nyingine wakaingia na kutoka, jua likapanda, nikala ndizi niliyokuja nayo. Mwishowe askari mmoja akaja kuniuliza nasubiri nini. Nikamwambia nasubiri cherehani.

Alicheka, lakini si kwa ubaya. Akanieleza kwamba kesi ya serikali imekwisha, na amri ile ya fidia ni juu yangu kuifuatilia. Nikamuuliza nifuatilie kwa nani. Akafikiri kweli, maskini, nikaona anafikiri, kisha akasema hajui.

Moraa, hebu tazama nilivyotazama mimi nikitembea kurudi nyumbani siku ile. Serikali ilimlipa askari aliyemkamata Mokua. Ilimlipa hakimu, ikamlipa mkalimani, ikalipa petroli ya lori la kumpeleka gerezani. Huko ilimpa blanketi, ikampa ugali na maharagwe, na ikamfundisha kazi. Unajua ilimfundisha kazi gani? Kushona. Mwenye cherehani alikuwa nyumbani anakata migomba, mwizi wa cherehani alikuwa gerezani anafundishwa kukunja pindo kwa kodi ya mwenye cherehani. Na katika watu wote hao waliolipwa, hapakuwa na hata mmoja aliyelipwa ili arudishe kitu kwangu. Sisemi walikuwa watu wabaya. Kila mmoja alifanya kazi yake na akaenda kula chakula chake cha mchana. Kazi ya kunirudishia mimi haikuwa kazi ya mtu.

Baadaye kidogo ilipata kuwa kazi ya mtu, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Watu wa lokesheni yetu walikuwa wengi wenye amri kama yangu mkononi na hakuna kitu nyumbani. Mmoja alivunjiwa duka, mwingine aliibiwa ng'ombe, mwingine alichomewa nyumba. Chifu wa wakati huo, mtu mwenye akili, akaita baraza, ikakubaliwa kila nyumba inayouza pareto au kahawa ikatwe kidogo, na mfuko huo umlipe mtu mmoja wa kuwafuatilia wakosaji kwa niaba ya waliokosewa. Akachukuliwa Onchwari, mzee aliyekuwa tarishi wa korti miaka mingi. Walimpa baiskeli na kofia. Kofia hakuivaa.

Onchwari hakuwa na ukali wowote. Kazi yake ilikuwa kwenda. Alijua dirisha lipi la korti linafunguliwa na saa ngapi karani anakuwa na roho nzuri. Alikwenda kwa mkosaji akakaa, akaongea habari za mvua, akamaliza chai, ndipo akasema, sasa ile amri. Mjane mmoja upande wa Nyamira alirudishiwa mabati ya paa lake, mwizi mwenyewe akiwa juu anapigilia misumari, na Onchwari chini anamshikia ngazi. Niliyaona hayo mabati kwa macho yangu.

Akachukua kesi yangu. Alikwenda gerezani kumwona Mokua, akarudi kwangu jioni na majibu. Cherehani haikuuzwa. Ilikuwa imefichwa, na Mokua alikuwa tayari kuirudisha siku atakayotoka. Lakini alikuwa na ombi moja. "Ameniambia nije mimi niichukue," Onchwari akasema. "Yeye hawezi kukuletea. Wewe ni mama mkwe."

Unazijua chinsoni zetu, miiko ya haya na heshima, hata kama mmeanza kuzicheka huko shuleni. Mama mkwe na wakwe zake hawakaribiani hivi hivi. Mimi siingii nyumba ya Ogeto, wala ya ndugu zake, ambao kwangu ni wakwe vilevile. Siwezi kuona mahali wanapolala. Na mkwe hawezi kuja kusimama mbele yangu na kitu alichoniibia. Ataanzaje? Atasema nini? Nilimwelewa Mokua kabisa, na siku ile, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, nilimhurumia. Yeye alitaka kurudisha, mimi nilitaka kupokea, na kati yetu palihitajika mtu wa tatu tu, mwenye miguu na ruhusa. Mtu huyo tulikuwa naye. Lokesheni ilikuwa inamlipa.

Msimu uliofuata baraza likaitwa tena. Kupe walikuwa wamezidi mwaka ule na ng'ombe walikuwa wanakufa, na watu walitaka josho. Bwana mmoja mwenye ng'ombe wengi akasimama akasema maneno ambayo yamekaa kichwani mwangu mpaka leo. Alisema, "Huyu Onchwari analipwa kwa ajili ya watu wa kesi. Mimi sina kesi. Mimi nina ng'ombe." Watu wakapiga makofi. Akasema josho ni maendeleo, kesi ni mambo ya mtu na jirani yake. Chifu alijaribu kueleza, wakamfunika kwa kelele. Basi ikasemwa wanaotaka mfuko ule uende kwenye josho wanyooshe mikono.

Mkabala na mimi alikuwa amekaa baba yake Mokua, aliyekuja kutoka Marani kusikiliza baraza. Alikuwa ananitazama. Kama ningeuacha mkono chini, kila mtu angesema mama Kerubo bado anamwinda mtoto wa wakwe zake, hajatosheka kumfunga. Nilimfikiria Kerubo, aliyekuwa na mimba ya kwanza katika boma lile. Niliona haya, mwanangu. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa na ng'ombe mmoja, mzee, hata kupe walikuwa wamemchoka, nami nikanyoosha mkono kwa ajili ya josho.

Tulipokuwa tunatawanyika Onchwari akapita karibu yangu akisukuma baiskeli kwenda kuirudisha ofisini. Alisimama kidogo. Nilidhani atanilaumu. Akasema tu, "Mokua anatoka mwezi ujao," akaendelea.

Josho lenyewe umeliona. Ni lile shimo la saruji lililopasuka, mlilokuwa mkichezea mkitoka shule. Dawa iliwekwa misimu michache, kisha ikakosekana, kisha pampu ikaondoka na wajanja. Siwezi kupita pale bila kutema mate pembeni, na sasa unajua kwa nini.

Mokua akatoka. Mwezi wa kwanza, Kerubo alinipasha habari kwamba cherehani iko nyumbani kwa Mokua, imefunikwa gunia, naye anauliza kama yule mzee wa baiskeli atakuja. Mwezi uliofuata akauliza tena. Nikamtuma mjomba wako, na ulivyo ukali wa mjomba wako unaujua. Alifika kule akaanza na matusi badala ya mvua na chai, baba yake Mokua akatoka na neno lake la mtamba aliyekataliwa, na nusura wakatane mapanga. Nikamkataza kurudi. Kerubo nisingeweza kumtuma. Mke hawezi kubeba mali kutoka nyumba ya shemeji yake kumpelekea mama yake na bado akaitwa mke wa pale. Basi gunia likakaa mwezi baada ya mwezi. Halafu Mokua, ambaye sasa alikuwa fundi wa serikali, akaliondoa gunia akashona shati moja la jirani. Nani angemlaumu? Kitu kimekaa nyumbani mwake, kazi anaijua, na hakuna anayekuja.

Wakati huo alikuwa anatembelewa na afisa. Kijana safi, ana pikipiki, anakuja kuona kama Mokua amerudia wizi, kama ana kazi, kama watu wanamtendea vizuri. Alimsaidia kupata veranda pale Marani sokoni. Siku moja nilimngoja njiani na kikapu changu kichwani. Nikamweleza yote, tangu mwanzo. Alizima pikipiki akanisikiliza mpaka mwisho, alikuwa na adabu. Kisha akasema, "Mama, nakuelewa. Lakini mimi nimepewa Mokua. Wewe huna kosa, kwa hiyo huna afisa."

Huyo kijana alikuwa afisa wa probesheni, Moraa. Ndiyo kazi unayokwenda kuisomea. Sasa unaelewa kwa nini nilinyamaza siku ile wengine wakipiga vigelegele.

Bado nilijaribu. Usione nilikaa tu. Nilikwenda kwenye lile dirisha la korti Kisii, na bila Onchwari sikujua saa ya karani. Alinifukuza mara ya kwanza, akanifukuza mara ya pili, na mara ya tatu akaniambia nilipie, nipewe mtu wa dalali wa korti, anayekamata mali kwa amri, twende naye Marani nikamwonyeshe mali. Nililipa kwa ndizi za msimu mzima. Tukaenda. Mtu wa dalali alikuwa kijana wa mjini, viatu vyake vilikuwa vyeupe na njia ilikuwa tope, kwa hiyo alifika akiwa amekwisha kukasirika.

Tulisimama uani kwa Mokua. Yeye alikimbilia shambani aliponiona, kwa haya, si kwa woga. Mke wake alikuwa ndani anakanyaga cherehani, na mlio ulikuwa unatoka mlangoni, kata-kata-kata, ule mnyororo wa baba yako. Mtu wa dalali akauliza kama cherehani ile ni yangu, mwanamke akasema ni yake, alikuja nayo kutoka kwao. Basi yule kijana akanigeukia akasema niingie nimwonyeshe, niweke mkono juu yake, ili aandike.

Nikamwambia siingii.

"Ni mlango tu, mama," akasema.

Nikamwambia ninaijua kwa mlio. Akasema mlio haubebwi kwenye gari. Nikamwomba aingie yeye, atazame kanyagio, ataona mnyororo wa baiskeli. Akasema yeye si shahidi wangu, na akichukua mali ya mtu kwa kuambiwa na mtu aliye nje, atashtakiwa yeye. Alinihimiza sana. Kerubo alikuwa amesimama mlangoni kwake, ng'ambo ya ua, na mtoto mgongoni, ananitazama. Watu walikuwa wamejaa. Hatua chache tu, na sikuzipiga. Mguu ulikataa. Mtu wa dalali akaandika kwamba mdai hakuonyesha mali yoyote, akafuta viatu vyake kwa majani, tukarudi.

Nimejiuliza miaka yote kama ningeingia. Kuna siku nasema ndiyo, ningeingia, waseme wanayosema. Siku nyingine nasema hapana, ningepata cherehani nikampoteza Kerubo, na wajukuu wangu wangekulia katika boma ambalo bibi yao alilivunjia heshima. Sijapata jibu na sikuombi ulitafute. Linaloniudhi ni kwamba sikupaswa kuulizwa swali lenyewe. Ilitakiwa aje mzee mmoja na baiskeli, aingie kwa adabu, atoke na cherehani. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko saruji ya lile shimo. Tulikuwa tumekwisha kuilipa, na mimi nikanyoosha mkono iondolewe.

Miaka miwili iliyopita mtoto wa Kerubo alikuja kukaa nasi likizo, unakumbuka, akiwa na kaptula mpya ya shule. Ulipokwenda kisimani nilimvua nikaigeuza nikatazama pindo. Mshono ulikuwa umenyooka kama nini, na pale kwenye kona umeruka mmoja. Nilikaa na kaptula ile mapajani mpaka mtoto akaanza kulia kwa baridi. Amefundishwa vizuri, Mokua. Anashona kunishinda. Na haibi tena, hata kuku. Wote wanasema hivyo. Yule kijana wa pikipiki alifanya kazi yake vizuri, na hilo linaniudhi zaidi kuliko angeifanya vibaya, maana linaonyesha kwamba mtu akilipwa kufanya kitu, kitu kinafanyika.

Kwa hiyo sikuambii usiende. Wala sikuambii uwachukie wezi utakaopewa. Wasaidie, wapatie kazi, wanywe chai yako. Lakini nakujua wewe, unapenda kumaliza kazi uliyopewa na kufunga kitabu. Nakuomba usifunge upesi. Ukimaliza kumwandika Mokua wako, muulize aliyeibiwa anaitwa nani, na anakaa wapi, na kama kile kitu kilirudi. Watakuambia huko ofisini kwamba hiyo si kazi yako. Nami najua si kazi yako. Si kazi ya mtu, hilo ndilo ninalokulilia hapa. Waulize basi ni ya nani, na nani analipwa. Waulize kila mwaka wanapogawa pesa, hata wakikuona msumbufu. Na ukikaa katika baraza lolote, la shambani au la wakubwa, akasimama mtu akasema yeye hana kesi, tafadhali, kwa ajili yangu, weka mikono yako chini.

Mokua usimbadilikie. Kesho akija kukuaga barabarani na muwa, upokee. Kerubo bado anakaa pale.

Mvua inapungua na nasikia watu wanapita, pengine wewe ni mmoja wao. Gauni la kijani nimelikunja juu kabisa kwenye sanduku, ni la kuvaa siku ya kwanza. Nimelishona kwa mkono, ndiyo sababu umekuwa ukiona taa yangu inachelewa kuzimwa wiki hizi. Nimevuta uzi kadiri ninavyoweza, lakini macho si yale, na pindo la nyuma limekwenda upande. Wasichana wa Nairobi wataliona. Usilifiche na usiseme ni la mtumba. Wakikuuliza nani amekushonea, sema ni mama yako, na mama yako ni fundi wa cherehani. Nao wakiuliza, kama ni fundi wa cherehani, mbona pindo limepinda hivi, waeleze, wao na wakubwa wako, cherehani yake iko wapi, na ni nani hakulipwa kwenda kuichukua.

Ni mimi niliyekuzaa,
Bosibori